Siku Tuliyoifundisha Kompyuta Kukataa

Mimi na baba tulirudi kwetu Gisenyi, mpakani na Goma, kutoka Tanzania nikiwa na cheti cha kompyuta na Kifaransa cha kusalimia tu. Chama cha akina mama wafanyabiashara kilikuwa kimepewa na wafadhili kompyuta moja yenye intaneti ya laini ya simu, nikaajiriwa kuiangalia. Watu walikuja kuandikiana na ndugu zao wa ng'ambo.

Asubuhi moja alikuja mama muuza sambaza, dagaa wa ziwani, kusomewa barua pepe ya mwanawe aliyekuwa Ubelgiji. Kabla sijaifungua, madirisha yakaanza kuchomoza yenyewe juu ya ukurasa, yote picha za wanawake walio uchi. Nikifunga moja, linakuja jingine. Mama akajifunika macho kwa kitenge.

"Mutoto wangu iko anafanya kazi gani kule?" aliuliza kwa sauti ya chini.

"Si yeye, mama. Haya yanakuja yenyewe."

Hakuniamini. Alijitwika beseni lake akaondoka.

Mwenyekiti wetu, mjane aliyesomea Goma, alikuwa ameona yote. "Bon, basi turudishie wenyewe hii mashine. Hapa kunaingia watu ya heshima."

Nilimwomba aniache nijaribu kwanza. Mipangilio yote ilikuwa ya Kifaransa, kwa hiyo akavuta kiti akawa ananitafsiria. Tukapata mahali pa kuweka masharti ya kurasa, pamoja na neno la siri ili mtu mwingine asiyabadilishe. Nikawasha ulinzi. Uchafu ulikoma, lakini ukurasa wa barua nao ukakataa kufunguka.

"Donc, kumbe imefungia na watu wazuri," mwenyekiti akasema.

Nikafikiri. Kompyuta ilikuwa inakataa kila ukurasa isioujua. Basi ilibidi tuitambulishe tunaoutaka.

"Hapa wameandika nini?"

"Toujours. Siku zote."

"Na hapa?"

"Jamais. Hata siku moja."

Anwani ya ukurasa wa barua nikaiweka kwenye Toujours, na anwani za yale madirisha, moja moja, kwenye Jamais. Nikajaribu tena. Ukurasa ukafunguka peke yake. Tulikaa tunautazama, hakuna kilichochomoza. Mwenyekiti akanipiga begani, nami nikajiona mrefu kuliko nilivyo.

Yeye mwenyewe alishuka sokoni kumwita muuza sambaza. Mama alikaa mbali na kioo, uso kaugeuzia mlangoni, nikamsomea: mwanawe amepata kazi kwa mwoka mikate, na mkewe ana mimba. Taratibu akasogeza kiti.

"Soma tena pale pa mujukuu."

Nikamsomea tena, na tena.

Baba yangu alipata habari hizo kwa watu. Jumapili, tukitoka kanisani, alisimamisha majirani wa mtaa wetu wa Mbugangari barabarani na kunishika mkono mbele yao. "Huyu binti yangu," akawaambia, "akiiambia mashine hapana, inasikia." Niliinamisha kichwa kama inavyompasa binti, lakini sikumharakisha kuondoka.