Krotoni za Ndanai

Jerusa ana kitalu cha maua kando ya barabara ya kutoka Kericho kwenda Chepseon, pale mashamba ya majani chai yanapoishia na vibanda vinapoanza. Mimi nauza viazi na kabichi hatua ishirini kutoka kwake. Haya ninayosimulia niliyapata kwake mwenyewe, kisha kwa Mwalimu Cheptoo wa Ndanai, kila mmoja kwa wakati wake. Maneno yao hayakugongana.

Watu humletea Jerusa majani awaambie ni maua gani. Hulishika jani, akalipapasa ukingo kwa kidole gumba, akalikunja. Likiwa jembamba na lina meno kama msumeno, atakwambia hiyo ni akalifa, ipande popote, itakuwa ua la boma. Likiwa nene, laini, linang'aa kama limepakwa mafuta, na kikonyo kikivunjwa kinatoa utomvu, hiyo ni krotoni. Wakipsigis wengi wakisikia krotoni hudhani anasema tebeswet, ule mti wa msituni. Yeye hucheka na kuwaonyesha rangi: njano, nyekundu, zambarau, madoa kama ya chui, yote kwenye mmea mmoja.

"Hii inapenda joto," huwaambia. "Hapa Kericho baridi itaiua. Mimi nazifunika na nailoni, na maji naweka juani kwanza. Na usinawe uso na mkono uliokata krotoni, huo utomvu unawasha."

Alizaliwa katika kambi ya wachuma majani chai. Wazazi wake walitoka Ugenya kutafuta kazi, wakazeekea huku. Naye alichuma majani chai miaka kumi na saba, hadi alipohamishiwa bustani ya nyumba ya meneja, na huko ndiko mkono wake ulipojulikana. Kijiti alichochomeka ardhini yeye kilishika. Akaolewa na Antony Ogola, aliyefanya kazi kiwandani, mtu mrefu, mpole, wa mkono wa kushoto. Jioni walizalisha miche pamoja nyuma ya nyumba. Jerusa aliandika jina la kila aina kwenye kipande cha bati, na kwa sababu hiyo Ogola akampa jina la utani: Karani. Hakumwita hivyo mbele ya watu. Lilikuwa jina la pale nyuma ya nyumba tu.

Mwaka wa 2010, tawi moja la krotoni ya kawaida lilitoa majani ya ajabu. Jani lilikatika katikati, ukabaki mshipa mtupu, mwembamba kama uzi, na kwenye ncha ya mshipa likaning'inia jani lingine dogo, jekundu kama ini. Hata bila upepo vijani hivyo vilitikisika. Jerusa hakuvipenda. Ogola alivipenda sana. Alikata vipandikizi vitatu, mshazari, chini kidogo ya kifundo, akayakunja majani ya juu na kuyafunga kwa uzi wa gunia, mizunguko mitatu na fundo moja, ili yasipoteze maji kabla ya mizizi kutoka. Vyote vitatu vilishika.

Mwaka uliofuata mashine za kuchuma zikaja, na kiwandani pia watu wakapunguzwa. Ogola aliachishwa kazi mwezi wa pili, na hakumwambia mkewe. Kila asubuhi alivaa gambuti, akachukua chakula chake, akatoka. Alirudi jioni na harufu ya moshi. Hivyo kwa miezi minne. Jerusa alipata habari langoni kiwandani, alipompelekea dawa ya kifua, na bawabu akamwangalia kama mtu aliyepotea njia.

Jioni hiyo alimwambia mumewe maneno ambayo hajayasahau. Alimwambia, "Afadhali ungekuwa umekufa, nijue moja."

Kesho yake asubuhi ile miche mitatu haikuwepo, na Ogola mwenyewe hakuwepo.

Simu ilizimwa. Jerusa alitafuta hospitalini, akatafuta kwa watu wa kanisa, akaenda Ugenya. Miaka ilipopita, shemeji yake Oketch alimshauri wafanye kama wazee wao walivyofanya mtu alipopotea kabisa: wazike tunda la yago, lile refu la mwegea, mahali pake, mambo yaishe. Jerusa alikataa. Alisema hawezi kulia tunda.

Mwishoni mwa Machi mwaka huu, Mwalimu Cheptoo alishuka kituoni akiwa na gazeti lililokunjwa. Ni mwanamke wa miaka arobaini hivi, mjane, anafundisha shule ya msingi huko Ndanai. Alikuwa ameelekezwa kwa Jerusa kama watu wote.

"Shikamoo mama. Nimeambiwa wewe unajua maua yote. Hii ni nini?"

Alifungua gazeti. Jerusa aliona jani limekatika katikati, na jani dogo jekundu likining'inia.

Mimi nilikuwa nikipanga viazi, nikamwona akikaa chini juu ya debe, polepole.

"Umetoa wapi?"

"Nyumbani. Mama, nataka kujua kitu kimoja tu. Hii inajipanda yenyewe? Inaangusha mbegu?"

"Hapana. Krotoni haijipandi. Ukiiona imesimama mahali, ujue mkono wa mtu uliiweka."

Cheptoo alilikunja gazeti. Kisha akasema, kwa sauti ya chini, "Basi mimi sijui ni mkono wa nani."

Akamweleza. Miaka mingi nyuma, baba mkwe wake, Mzee Kipkurui, alimwajiri mtu wa kukamua ng'ombe, aliyefika kwa miguu akiwa amebeba katoni yenye miche. Hakuwa na kitambulisho, alisema jina lake ni Antony basi. Alikuwa mtu wa maneno machache. Yeye na mzee walipendana, wakawa wanakaa pamoja kila jioni. Mapema mwaka wa 2018 kifua kilimuua. Chifu alitangaza, hakuna ndugu aliyetokea, wakamzika kwenye kona ya chini ya shamba. Mzee alipanda krotoni moja kichwani mwa kaburi, hiyo walimwona akiipanda. Aprili ya mwaka uliofuata kukawa na nyingine, hatua kumi mbele ya kaburi. Aprili nyingine, ya tatu. Zimefika saba, zimenyooka kama zimepimwa kwa kamba, na zinaelekea langoni.

"Ng'ombe hawapiti hapo. Nimeuliza majirani, nimeuliza wanafunzi wangu. Hakuna anayepanda. Na sasa mvua inaanza tena."

"Mzee mwenyewe?"

"Mzee alipata kiharusi baada ya mazishi. Upande wa kulia umekufa. Hajasimama bila kushikwa tangu hapo."

Jerusa alifunga kitalu siku ya tatu, akaenda Ndanai.

Huko chini kuna joto kuliko kwetu, na krotoni zilikuwa zimefanya vizuri mno. Ile ya kaburini ilimzidi urefu. Alisimama mbele yake, aliniambia, akingojea machozi, hayakuja. Alichokisikia ni hasira. Karibu miaka saba mtu huyu aliishi umbali wa safari ya asubuhi moja, akikamua ng'ombe wa watu, na hakumtumia hata salamu. Kisha akageuka, akaona ule mstari. Jua lilikuwa limeinama, hapakuwa na upepo hata wa kutikisa mahindi, lakini vile vijani vyote vilikuwa vikicheza kwenye nyuzi zao.

Alifukua udongo kwenye shina la mche mdogo kabisa, wa mwaka uliopita. Kata ya mshazari ilikuwa bado inaonekana, na iliinamia upande wa mtu wa mkono wa kushoto. Juu kidogo palikuwa na mabaki ya uzi wa gunia, meusi kwa kuoza. Mizunguko mitatu, fundo moja.

Mzee Kipkurui alikuwa kibarazani kwenye kiti chake, blanketi magotini. Jerusa alimsalimia. Mzee alimtazama kama anatazama ukuta.

Jerusa alilala kwa Cheptoo. Alfajiri ilinyesha kidogo, na kulipopambazuka ukungu ulikuwa umejaa shambani. Jerusa alitoka kwenda msalani, na alipokuwa akirudi akasikia mtu anaongea. Akasogea mpaka kwenye uzio.

Mzee Kipkurui alikuwa akitembea. Alitoka upande wa kaburi, miguu mitupu, amenyooka, kisu na kijiti vyote katika mkono wa kushoto, mkono wa kulia ukining'inia. Hakutembea katikati ya njia. Alitembea pembeni, kama mtu anavyofanya akimwachia mwenzake nafasi. Alisema kitu kwa Kipsigis, akanyamaza, akaitikia kwa kichwa, akacheka kidogo, akaendelea. Alipita krotoni ya kwanza, ya pili, zote saba, akahesabu hatua kumi, akapiga magoti karibu kabisa na lango.

Jerusa alimfuata. Anasema hakuogopa wakati huo, woga ulikuja baadaye, kwenye gari akirudi.

"Mzee, unafanya nini?"

"Nachimpa," alisema mzee kwa Kiswahili cha lafudhi ya Kipsigis, bila kushtuka. "Mimi nachimpa tu. Yeye ndio anakata."

"Nani?"

"Antony." Aliinua kidevu kuelekea ile nafasi iliyokuwa kando yake. "Si huyu."

Jerusa aliangalia. Palikuwa na nyasi zilizolowa na ukungu.

"Anaenda wapi?"

"Nyumpani. Lakini anaona haya. Anaenda bolebole, kila mwaka kitogo." Mzee aliweka kijiti shimoni, akakishindilia kwa ngumi. Kisha akainua uso, na kwa mara ya kwanza akamtazama kama mtu anayemfahamu. "Karani," akasema. "Anasema umekuja mwenyewe. Sasa hana haja ya kupanda tena."

Jerusa alipiga kelele, na kelele hiyo ndiyo iliyomwamsha Cheptoo. Alipofika, mzee alikuwa ameanguka ubavu, mguu wa kulia umekufa ganzi kama siku zote, hawezi hata kujikokota. Wao wawili walimbeba mpaka ndani. Cheptoo hangeamini, lakini nyayo za mzee zilikuwa zimejaa tope, na kisu cha jikoni kilikuwa na utomvu.

Walipoketi na chai, Jerusa alijaribu kupanga mambo kama mtu mzima. Wazee hao wawili walikaa pamoja jioni nyingi, Ogola alimfundisha kupanda, akamwambia na jina la mkewe. Mzee amebaki na mkono wa kushoto, basi kata yake itaelekea huko. Kiharusi kina mambo yake, mtu anaweza kuamka na nguvu ya saa moja. Cheptoo alikubali kila neno.

Kisha Jerusa akarudi langoni, akautazama mche mpya. Majani yalikuwa yamekunjwa vizuri na kufungwa, mizunguko mitatu, fundo moja lililokazwa. Alikata uzi wa gunia, akaweka mkono wake wa kulia mgongoni, akajaribu kufunga fundo lile kwa mkono mmoja. Alijaribu mpaka chai ikapoa. Cheptoo naye akajaribu. Halifungiki.

Akampigia Oketch.

Barua za mahakama na za afya za kuruhusu kaburi lifukuliwe zilichukua miezi mitatu, na mwezi wa saba wakaja wanaume wa Ugenya na kasisi. Mzee Kipkurui aliwekwa kwenye kiti karibu na kaburi kwa kuwa alilia mpaka wakamleta. Walimtoa Ogola, wakamweka kwenye jeneza jipya. Oketch alitaka gari lirudi nyuma hadi kaburini. Jerusa alikataa. Walilibeba jeneza mabegani, wakapita kando ya krotoni moja baada ya nyingine hadi langoni, na yeye akitangulia. Njiani, anasema, aliongea na mumewe. Alimwambia yale maneno aliyoyasema siku ile hayakuwa ya moyoni. Alimwambia pia kwamba bado amemkasirikia.

Ogola amezikwa kwao, mkono wa kulia wa boma la baba yake. Mzee Kipkurui alifariki mwezi wa nane, usingizini.

Wiki ileile Cheptoo alipiga simu, akasema krotoni zote nane zimepukutisha majani kwa siku moja. Jerusa alimwambia ni baridi ya wakati ule, krotoni ikishtuka huangusha majani, asiing'oe, akwaruze gome kwa ukucha, kama chini ni kijani basi iko hai. Zilikuwa hai. Zikachipua mwezi wa kumi, majani mapana, mazima, ya njano na kijani, ya kawaida kabisa.

"Hiyo hutokea," Jerusa aliniambia alipoikata simu. "Tawi lililogeuka linaweza kurudia ya zamani."

"Utaenda kuziona?"

Alikuwa akitia udongo kwenye mifuko midogo myeusi, na hakuinua kichwa. "Cheptoo anakuja Jumamosi kuniletea maziwa," akasema. "Atanieleza."