Unene wa Pudentienne

Mtaa mzima wa Gitega, katika kichochoro cha mafundi cherehani, hakuna aliyesifiwa mwaka ule kama Pudentienne. "Yoo, Mama Shimwa, umenenepa!" wateja walimwambia. "Maisha iko inakupenda sana!"

Naye alicheka. Unene wenyewe ulikuwa wa vidonge. Miaka miwili nyuma viungo vilimvimba, mashavu yakawa mekundu, na hospitali wakamwambia ana lupasi, ugonjwa unaofanya kinga ya mwili imgeukie mwenyewe. Wakampa prednisoloni. Maumivu yakapungua, uso ukaumuka kama andazi, na majirani wakaamini mjane wa watu amepata neema. Sisi bwana, afya tunaipima kwa macho, na macho yetu yamezoea kuchagua ng'ombe.

Angeweza kusema ukweli. Hakusema kwa sababu ya Shimwa, binti yake wa pekee, aliyekuwa amechumbiwa na Conrad. Mama yake Conrad, Kankindi, mtu wa ofisi huko Kimihurura, alipokuja mara ya kwanza alimkagua Pudentienne kuanzia kitambaa cha kichwa hadi viatu. "Hii familia iko na damu nzuri," akasema. "Mimi magonjwa ya ukoo ndiyo naogopa." Tangu siku hiyo vidonge vilihamia kwenye kopo la vifungo, chini ya cherehani, na Pudentienne alivimeza akiwa ameupa mlango kisogo. Hata Shimwa hakujua.

Kisha moyo ukaanza vituko vyake. Anashona, mara unakimbia, mara unaruka pigo moja, mara unatulia hadi anashika meza. Alikwenda hospitali peke yake. Daktari Kalisa alimbandika nyaya kifuani, akautazama mchoro kwa muda mrefu. Alimweleza kwamba ugonjwa umefika kwenye moyo, na dawa nayo imepunguza madini ya potasiamu kwenye damu, ndiyo maana mapigo yanapotea njia. Alitaka kumlaza siku hiyo hiyo.

"Baada ya Jumamosi, daktari. Binti yangu iko na gusaba. Wakwe wanakuja kumuomba, mimi nisikuwepo?"

Daktari alikunja uso, kisha akampa kadi ndogo. "Mama, utembee na hii. Prednisoloni usiikate ghafla hata siku moja, mwili utaanguka. Ukizidiwa, waonyeshe kadi, watajua cha kufanya."

Pudentienne aliitia kadi kwenye kopo la vifungo.

Jumatano jioni waliingia shangazi watatu kutoka Huye, na nyumba ya vyumba viwili ikakosa pa kuweka mguu. Mmoja wao, Béatha, alitandikiwa godoro pale pale kando ya cherehani. Huyo akijua jambo asubuhi, mchana Kimihurura wanalo. Alhamisi Pudentienne hakumeza kidonge hata kimoja. Ijumaa pia. Siku tatu haziui mtu, alijiambia, na Jumamosi akavaa mushanana wake wa sherehe akaondoka, kopo likabaki.

Ukumbi wa sherehe ulikuwa karibu na njia panda ya Sonatubes. Wazee wa pande mbili walitaniana weee, wakabishana, mwishowe Shimwa akatolewa. Alipendeza mno, na mama yake aliona fahari hadi akasahau mapigo yaliyokuwa yakigongana kifuani. Kankindi alinyanyuka kumkumbatia. Pudentienne naye akanyanyuka, na miguu ikamwacha.

"Ni furaha!" watu walishangilia, wakampepea kwa kadi za mwaliko. Walipoona midomo imekuwa ya kijivu ndipo Conrad alipomkimbiza kwenye gari.

Walimpeleka hospitali ya karibu, ambako alikuwa hajawahi kukanyaga. Muuguzi, Mukunde kwa jina, alimfunga mkono kupima presha, akaguna. "Iko na ugonjwa gani? Kuna dawa anakunywa?"

"Dawa ya nini?" Kankindi alidakia. "Si unamuona mwenyewe?"

Mukunde akamgeukia Shimwa.

"Hapana, sista," Shimwa alisema huku akilia. "Mama yangu hajawahi kuugua. Ni mzima kabisa, uliza mtu yeyote wa Gitega."

Pudentienne alisikia kila neno. Aliogopa kuliko alivyowahi kuogopa maishani. Kopo, alitaka kusema, mwanangu, kopo la vifungo. Ulimi haukunyanyuka.

Mukunde alishika kalamu, akaandika: hakuna dawa.