Kanda ya Mzee Rahmat

Mwanangu, nilimwahidi Mzee Rahmat kwamba sauti yake haitasikiwa na mtu kabla yeye mwenyewe hajaniruhusu. Ahadi hiyo niliitoa Matrah, mji wa bandari katika nchi ya Waarabu tulikoishi, katika duka lake la kukarabati mazulia, mwishoni mwa miaka ya tisini, nikiwa mwanafunzi wa isimu. Niliivunja baada ya siku tisa.

Rahmat alitoka katika vijiji vya katikati ya Iran, na lugha ya mama yake ilikuwa Kikhalaji. Kwa muda mrefu wataalamu waliihesabu kuwa lahaja tu ya Kiazeri, Kituruki kinachosemwa kaskazini-magharibi mwa Iran. Baadaye wengine wakaona kwamba ni tawi la peke yake katika ukoo wa lugha za Kituruki, tena limehifadhi mambo ya kale ambayo ndugu zake wengi wameyapoteza. Mguu, kwa mfano, Rahmat aliuita hadaq. Waazeri husema ayaq. Nilipomweleza hayo kwa Kiarabu na kumwomba nimrekodi, sindano ilisimama mkononi mwake. Kwa kuionea aibu lugha hiyo, hakuwa amemfundisha mwanawe Hamid hata neno moja.

"Basi nitasema," akaniambia. "Na Hamid ataisikia siku nitakayokuwa tayari."

Akajaza kanda nzima, akaimalizia kwa wimbo aliobembelezewa na mama yake.

Nami nilitaka sifa. Nikamwalika mfanyabiashara wa Tabriz, Mwazeri, kwenye mkahawa ulio jirani na duka lile, athibitishe mbele ya wenzangu wa chuo kwamba hii ni lugha nyingine. Nikabonyeza kitufe. Alisikiliza kidogo, kisha akacheka.

"Huyu kafundishwa Kituruki na mbuzi."

Wenzangu wakacheka. Nilipogeuka, Rahmat alikuwa amesimama mlangoni pamoja na Hamid, na Hamid naye alikuwa akicheka.

Mzee hakunigombeza. Alinyoosha mkono, nikampa kanda. Akauvuta utepe wake mpaka ukaisha, ukalala sakafuni kama uzi uliofumuliwa.

Nyumbani kwetu Hail, si mbali na Matrah, nilimsimulia bibi yangu, mzaliwa wa Tabora, nikitumaini atanifariji. Alikuwa akichagua mchele.

"Ulipoanza shule ulirudi hapa unalia. Kwa nini?"

"Walisema Kiswahili chetu ni Kiarabu kibovu."

"Nikakwambiaje?"

"Hukuniambia kitu, Bibi. Ulivaa buibui ukaenda shuleni."

"Sasa wewe umekaa nini? Nna umri huu, sijaona heshima ya mtu ikirudishwa na aliyejikalia kitako."

Kesho yake nilikwenda bila kinasa sauti. Nilimwomba Rahmat radhi mbele ya mwanawe, nikamwambia kijana kwamba lugha ya baba yake si Kiazeri kibovu, na kwamba aliyeileta kwenye kicheko ni mimi. Mzee aliendelea kushona. Nilikuwa nimekwishageuka kuondoka nilipomsikia Hamid.

"Baba, huu unaitwaje?" Alikuwa ameunyoosha mguu wake juu ya zulia.

Mzee akaiweka sindano chini. Kisha, kwa sauti ndogo: "Hadaq."

Hamid akalirudia. Niliwaacha, na sikurekodi tena chochote pale.

Mwanangu, elimu haikupi haki juu ya sauti ya mtu, hata ukiwa na nia njema, hata ukiwa sahihi. Mwenyezi Mungu akujaalie sikio lenye adabu, na akuhifadhie wazee wako. Leo muulize bibi yako neno moja la kwao. Na ukitaka kuliandika, tafadhali, mwombe ruhusa kwanza.