Upande wa Ukutani

Fundi cherehani na mumewe, mwoka mikate, walikuwa wamelea watoto hadi wakaondoka nyumbani, lakini kulala pamoja hawakujua. Msicheke. Mume alioka usiku, mke alishona mchana. Alfajiri, mmoja alipoingia na unga kwenye nyusi, mwenzake alikuwa anatafuta viatu. Walipokezana kitanda kama walinzi wanavyopokezana lindo.

Kiangazi hicho mume alistaafu, na binti yao akawatafutia likizo kwenye mji mdogo wa milimani. "Mkazoeane," alisema. Mama alicheka, ila moyoni aliogopa. Mapenzi ya kupishana mlangoni ni mepesi, hakuna anayepata nafasi ya kumchoka mwenzake. Je, huyu bwana akiwa nyumbani kila usiku, wataweza?

Chumba chao kilikuwa juu ya duka la viatu, dirisha likitazama mlima, kitanda kimesukumwa hadi ukutani. Kiangazi au si kiangazi, baridi ya mji ule haikuwa na adabu. Usiku wa kwanza wote wawili walikimbilia ukutani, wakagongana vichwa.

"Huo upande wangu," alisema mke.

"Wako tangu lini, mama watoto? Mimi ndiko ninakolala siku zote."

"Na mimi je, huwa nalala darini?"

Mume akampisha. Lakini usingizi hakuupata, kwa kuwa usiku kwake ulikuwa wakati wa kazi. Aligeuka huku, akageuka kule, kitanda kikilia. Kulipokucha ndipo alipoanza kukoroma, na mke akakaa dirishani peke yake, macho mekundu, akiutazama mlima aliotamani wautazame pamoja. Usiku uliofuata ukawa vilevile. Mazoea yana taabu.

Mchana wake mke alishuka kwa mama mwenye nyumba ya wageni, akauliza kama kuna chumba kingine. Kilikuwepo. Yule mama hakuhoji, akampa ufunguo tu. Mke alipanda ngazi kwa miguu mizito. Aliona aibu, na zaidi ya aibu aliona huzuni.

Alimkuta mume ameamka, amekaa ukingoni mwa kitanda. Aliuona ufunguo.

"Umepata chumba."

"Ili ulale vizuri, baba watoto. Na mimi nibaki na upande wangu."

Mume aliitazama mikono yake. "Mimi upande sina. Nikitoka kazini nilikuwa napapasa shuka gizani, palipo na joto ndipo najilaza. Siku zote palikuwa ukutani."

Mke aliketi kando yake. Miaka yote hiyo yeye alipanda kwenye shuka baridi, maana mwenzake aliamka mchana. Hakuwahi kufikiri kwamba alfajiri kuna kitu alikuwa anamwachia. Usilolijua ni usiku wa giza. Machozi yalimtoka, hakuyaficha.

Ufunguo aliurudisha. Jioni walitoka kutembea, wakarudi wanatetemeka. Mke akatangulia kitandani, akajibana ukutani, akavuta blanketi hadi kidevuni, akatulia hapo muda mrefu huku mume akihangaika na kamba za viatu. Alipomaliza kuvua, mke akasogea upande wa nje, kwenye shuka baridi, akapapigapiga pale alipotoka.

"Pita," alisema, "kabla hapajapoa."