Viatu vya Kanisani Juu ya Barafu

Juzi dada yangu Nekesa, nyota wa hoki ya barafu, alionyeshwa kwenye runinga. Mtangazaji akasema amezaliwa na kipaji. Nikaizima.

Mimi nakumbuka Ijumaa moja, siku ya ibada yetu hapa Doha, Qatar. Tulikuwa tumetoka kanisani Mesaimeer, na baba, aliyekuwa dereva wa basi la shule, akatupeleka kwenye uwanja wa barafu ndani ya jumba la maduka. Kulinuka bisi na soksi zilizolowa. Nekesa alianguka, watoto wakamcheka, naye akang'ang'ania ukuta huku analia.

Muumini mwenzetu aliyefuatana nasi akatikisa kichwa. "Baba Nekesa, rudisha mtoto nyumbani. Barafu si ya watu wetu."

Baba aliingia kwenye barafu na viatu vyake vya kanisani, akaanguka kwa kishindo. Mlinzi akapiga filimbi. Uwanja mzima sasa ulikuwa unamcheka yeye. Nilificha uso kwa aibu, nikiamini kabisa kwamba baba yangu ameshindwa kuinuka.

"Nekesa," aliita akiwa chali, "njoo uniinue."

Nekesa akauachilia ukuta.

Kwa hivyo msiniambie habari za kipaji.