Nembo Yenye Kovu la Shaba

Naikumbuka siku niliyong'oa nembo ile vizuri kuliko ninavyoikumbuka siku ya ndoa yangu, mwanangu. Ilikuwa Jumatano, mvua ya vuli imekatika asubuhi, nami nilikuwa na bisibisi ya kuazima mfukoni. Nilikuwa na miaka ishirini na mitano, fundi niliyejiona nimeiva. Nilipangua majani ya maboga yaliyolitambalia gari bovu nyuma ya misheni, nikachokonoa, nembo ikatoka. Hata dakika tano hazikufika. Leo miaka arobaini na ushee imepita, na bado nailipia kazi ile.

Nakusimulia haya kwa sababu ya jana. Ulikuja kunionyesha gari ulilonunua ili uliuze, ukaniamkia vizuri, nikakupa maji, tukalizunguka pamoja. Mbele yake nikaona umebandika nembo ya Mjerumani uliyoinunua kwa wauza vipuri pale Msamvu, na gari lenyewe halijatoka Ujerumani wala halijapita njia ya kwenda huko. Nilipokuuliza ukacheka, ukasema, "Mjomba, siku hizi watu wananunua jina." Nikachukua kikombe ulichonywea, nikaingia ndani. Naona uliondoka ukidhani uzee umenizidi. Hapana, nilikuwa nimeshikwa na hasira, na hasira yenyewe haikuwa juu yako.

Kampuni unayoibeba kwenye pua ya gari lako siitaji. Unaijua, na watoto wa chekechea wanaijua. Ni ya zamani. Iliunda injini wakati babu zetu hawajaona hata baiskeli. Lakini wazee wa hapa walimjua Mjerumani kabla ya kulijua gari lake. Walimjua kwa reli iliyopita hapo mjini, kwa boma, kwa kodi, na kwa hamsa ishirini, viboko ishirini na vitano kwa kosa la kuchelewa kazini. Nimewaza sana, nikaona kwamba hofu ile ndiyo iliyozaa nusu ya sifa. Mtu aliyemnyoosha babu yako kwa kiboko, unaamini kabisa kuwa hata bolti zake zimenyooka. Na katika vita yao kubwa ya pili, viwanda vya kule vilitumikisha mateka na watu waliokamatwa kwa nguvu, wengine wakafia kazini. Hayo nilikuja kuyasikia ukubwani. Ujanani tulijua neno moja tu, kwamba gari la Mjerumani haliharibiki.

Na kwetu, juu ya Kinole, ushahidi ulikuwepo. Misheni walikuwa na pikapu ya Kijerumani iliyoteremsha wagonjwa, mananasi na walimu kwa miaka kumi na tisa bila kumlaza mtu njiani. Dereva na fundi wake alikuwa Mzee Kobelo, mtu mfupi, mkali, mvaa kofia ya sufu hata kiangazi. Ndiye aliyenifundisha kazi kwa miaka minne. Kila alfajiri alitandika gunia, akaingia uvunguni, akapapasa mabomba ya breki moja moja. Tukifika juu ya mteremko mkubwa, alisimamisha gari, akakanyaga breki mara tatu, kisha akashuka na kuyagusa magurudumu yote manne kwa kiganja, kuona kama kuna lililopata moto. Abiria walikaa wakimngoja. Wengine walidhani anasoma dua. Wengine walisema ndiyo sheria ya Mjerumani, na mwenyewe hakuwasahihisha.

Siku moja jiwe liliruka barabarani likaivunja ile nembo ukingoni. Mzee Kobelo akaichomelea kwa shaba, ikabaki na kovu nene, kama punje ya hindi. Kovu hilo ulishike akilini.

Mwishowe injini ilikufa. Miaka ile vipuri vilikuwa havipatikani nchini hata ukiuza shamba, na Mzee Kobelo mwenyewe mgongo ulishamkatalia kuingia uvunguni. Gari likasukumwa nyuma ya misheni. Mimi nikapata pikapu yangu, ya kuungaunga, bodi ya huku na injini ya kule, breki nimezifufua kwa mikono yangu. Nikaipaka rangi, nikaipandisha mlimani kwa mbwembwe. Watu wakaja na matenga yao ya ndizi, wakaitazama, wakaamua kutembea kwa miguu. Nilikwenda kwa Mzee Kobelo nikiwa nimenuna. Akaniambia watapanda tu, ila kwanza wanione mwaka mzima nikiingia uvunguni.

Mwaka mzima! Nilitoka pale nimemcheka moyoni. Ndipo nikaazima bisibisi. Nembo nikaikaza mbele ya pikapu yangu, nikaeneza habari kwamba nimelifufua gari la misheni, kwamba moyo wake na breki zake nimezihamishia humu. Wiki haikuisha, pikapu ikajaa. Wahenga walisema nguo ya kuazima haisitiri matako, lakini wakati umeivaa huoni nyuma, mwanangu, waonao ni wengine. Na hao wengine walikuwa wameniamini.

Sasa nafika kwa bibi yako Mwanaidi. Wewe ulimkuta haoni, ukawa unamshika mkono kwenda naye kijitoni, na kwako alikuwa bibi kipofu tangu Mungu alipoiumba dunia. Alikuwa mdogo wake mama yangu, na mama alipofariki yeye ndiye aliyenilea. Macho yake yalikuwa yameingiwa na mtoto wa jicho, yote mawili, lakini wakati huo yalikuwa ya kutibika. Habari ikaja kuwa madaktari wa macho wamefika hospitali ya mkoa, watakaa siku tatu. Mama mdogo alikuwa mwoga wa magari. Akasema kama ni lile la Mjerumani atakwenda, kama si lile atabaki na giza lake, amelizoea.

Asubuhi ile alikuja na kanga mpya, akaomba apelekwe mbele ya gari. Akainyoosha mikono, akaitafuta nembo kwa vidole, akaizunguka taratibu mpaka akafika kwenye lile kovu la shaba. Akasimama hapo.

"Ndilo lile la Kobelo?" akaniuliza.

"Ndilo, mama," nikamjibu.

Maneno mawili tu. Nimesema uongo mwingine maishani, mwingi tu, lakini sijawahi kusema mfupi kama ule. Akacheka, akapanda. Njiani akawa anawaambia abiria kwamba kitu cha kwanza atakachokitazama ni uso wangu, kwa sababu nimeota ndevu na yeye hajaziona.

Tulipofika juu ya mteremko sikusimama. Mzee Kobelo angesimama. Mimi niliwafikiria madaktari, nikafikiria foleni, na nikuambie kweli, nilifikiria pia kwamba kuingia uvunguni mbele ya watu kutanichafulia shati. Kona ya pili nikakanyaga breki, pedali ikazama mpaka chini. Gia nikaipiga, ikakataa. Upande mmoja ni korongo, upande mmoja ni ukuta wa mlima, nikauchagua ukuta. Tulikuwa watu watano na hakufa hata mmoja. Mama mdogo alivunjika nyonga, wakambeba kumrudisha kwake mlimani. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, ndivyo tulivyofundishwa, lakini hawakutufundisha kwamba guu lenyewe huenda likawa la mtu mwingine.

Kesho yake Mzee Kobelo alishuka kwa fimbo yake mpaka kwenye ile pikapu. Nilikuwa nafungua matairi. Hakunisalimu. Aliinama kwa taabu, akaipapasa nembo, akaliona kovu aliloliunga mwenyewe. Kisha akaketi juu ya jiwe kuupumzisha mgongo.

"Jina hili halikuwa la Mjerumani peke yake," akasema. "Miaka kumi na tisa nimelala juu ya gunia kulitunza. Babu yangu alichapwa na Mjerumani, mimi nimemtunzia jina lake, na wewe umeliiba kwa bisibisi."

Nikamwambia nisamehe. Akasema yeye si wa kuombwa msamaha. Akanieleza kwamba mama mdogo, hapo kitandani alipolala, anasema hapandi gari tena mpaka kufa kwake. Na kweli nilikuwa nimemsikia kwa masikio yangu akiwaambia waliokuja kumjulia hali, "Kama la Mjerumani limenitupa, la nani litanifikisha?"

"Madaktari watarudi," Mzee Kobelo akaniambia. "Mwambie halikuwa la Mjerumani, lilikuwa lako, na breki hukuzitazama. Akijua hivyo atapanda jingine. Usipomwambia, macho yake umeyatoboa wewe."

Nikamwuliza kwa nini asimwambie yeye. Akasema akilisema yeye litakuwa fitina, nikilisema mimi litakuwa toba. Hata leo namlaumu kidogo kwa hilo, Mungu anisamehe. Alinitegemea mtu nisiyetegemeka. Akafa masika yaliyofuata, na makaburini wakamsifu kwamba aliendesha gari la Mjerumani miaka kumi na tisa, kana kwamba gari ndilo lililomwendesha yeye.

Nilikuja kujua kwa nini kusema kulikuwa kugumu. Ajali ile ilinipa sifa. Watu walisimulia jinsi kijana alivyochagua ukuta badala ya korongo, akaokoa roho tano. Wateja wakanifuata mpaka mjini, nikafungua gereji. Madaktari wa macho walirudi mwaka uliofuata, na uliofuata. Mara tatu nilipanda kwa mama mdogo na maneno yangu nimeyapanga, na mara tatu nilimletea sukari na sabuni badala yake. Watoto wake walitaka kumteremsha kwa machela. Akakataa, akasema machela ni ya wanaozaa na wanaokufa, na yeye hafanyi lolote kati ya hayo. Gari hakulipanda tena.

Alikuwa akinigusa ndevu. Kila nikifika alinishika kidevu akacheka, akasema zimekuwa nyingi, je, zimeanza mvi? Nami nilikuwa namwambia bado. Miaka ishirini na miwili, mwanangu, mtu ananipapasa uso ambao ningeweza kumfanya auone kwa sentensi moja.

Siku ya hitima yake wazee walikaa wakazungumza, mmoja akasema hata Mjerumani siku hizi haaminiki, tazama alivyomfanya marehemu. Wakaitikia wote. Na mimi nikaitikia kwa kichwa pamoja nao. Katika yote niliyofanya, hilo ndilo linalonichoma zaidi, na sijui kwa nini, maana alishakufa.

Miaka ya karibuni nilisikia redioni kwamba kampuni moja ya huko huko Ujerumani imeumbuka: magari yake yalikuwa yamefundishwa kudanganya kipimo cha moshi. Jirani yangu alisikitika sana, alikuwa mtu wa kuapa kwa Wajerumani. Mimi sikusikitika. Nilijua tangu zamani kwamba jina halimzuii mtu kusema uongo, humsaidia tu aaminiwe haraka. Kumbe hata mwenye nembo yake mwenyewe anaweza kuibandika juu ya kitu kibovu.

Basi nasaha yangu ni hii, na nakuomba usiigeuze utani. Ng'oa nembo ile. Akija mnunuzi mwambie gari ni la wapi, limegongwa wapi, na kinachovuja ni kipi. Akiondoka, mwache aondoke. Jina zuri hutengenezwa na mtu aliyelala juu ya gunia alfajiri wakati wenzake wamejifunika, na mara nyingi sifa huchukuliwa na mwingine. Nalo hilo likikupata, livumilie, lina unafuu kuliko kuchukua ya mtu. Na ukikosea, mwanangu, sema mapema, wakati kusema bado kunatibu. Mficha maradhi kifo humuumbua, lakini mimi nilificha yangu, yakamuumiza mwingine.

Ijumaa, baada ya swala, nakwenda mlimani kuwaita watoto wa marehemu na kuwaeleza haya yote kama nilivyokueleza. Nembo ya Mzee Kobelo ninayo, iko kwenye mkebe wa majani ya chai chini ya kitanda, nitaiweka mkekani waipapase. Sijui watanipokeaje. Nataka unipeleke wewe, kwa gari lako hilo hilo likiwa halina kitu puani. Na tukifika juu ya mteremko utasimama, utakanyaga breki mara tatu, na utashuka kugusa magurudumu manne, mimi nikikungoja ndani.

Mungu akupe jina dogo lililo lako, alikuze taratibu kwa kazi ya mikono yako. Akupe watu wa kukuamini, na akupe hofu ya kuwapoteza. Na siku mtu akikuuliza "ndilo lile?", akupe ulimi wa kusema silo.