Aliyenionyesha Kaburi la Bibi Zuhura

Usinitazame hivyo. Sura ya mtu anayejiandaa kucheka naijua, mke wangu huivaa kila nikianza kusimulia jambo hili. Lakini lilinitokea mimi mwenyewe, jua likiwa bado linaunguza, na tumboni sina kitu zaidi ya chai ya rangi. Tena mimi si mtu wa kutoka kutafuta mambo. Mimi ni wa nyumbani. Pale mtaani kwetu Buyenzi wananiita Kizingiti, kwa sababu ukipita asubuhi nimekaa mlangoni, ukirudi jioni nipo palepale, kilichohama ni kivuli tu.

Jina hilo alinipa Bibi Zuhura, mkunga wetu. Alidai kwamba siku ya kuzaliwa kwangu nilifika mlangoni nikagoma kutoka, akaningoja mpaka chai yake ikapoa. Alilisimulia hilo harusini, msibani, popote penye watu wa kucheka. Nusu ya mtaa ilipita mikononi mwake. Na vita vilipoanza, usiku ambao hata askari waliogopa kupita njia, yeye alibeba beseni lake akaenda: kwa Mhutu, kwa Mtutsi, kwa Mkongo, kwa Mwarabu mwenye duka. Akifika mlangoni anauliza kitu kimoja tu. Maji yamechemka?

Alifariki katika zile siku za ville morte, mji umefungwa, matairi yanaungua barabarani. Binti yake wa pekee, Hawa, alikuwa ng'ambo ya mpaka, Uvira, na hakukuwa na njia ya kuvuka. Wanawake, kama ilivyo kwetu, walibaki nyumbani wakilia. Tulikwenda makaburini wanaume wachache, mbiombio, na hatukwenda na jeneza moja tu. Msikitini palikuwa na maiti nyingine, mwanamke aliyeokotwa njia ya Buterere, tasbihi mkononi, hakuna aliyejua jina lake wala watu wake. Akaoshwa, akavishwa sanda, tukawazika wote wawili, ubavu kwa ubavu.

Mwanamke akishushwa kaburini, sisi hutandaza shuka juu, wanaume wanashika pembe, ili asitazamwe. Mimi nilishika pembe. Mara mbili. Na mara zote mbili nilifumba macho. Watu walidhani ni heshima. Niwaache na dhana yao, ila risasi zilikuwa zinasikika upande wa Kamenge, na mimi nilikuwa nafikiria mlango wangu.

Miaka ikapita, vita havijaisha, Hawa akapata nafasi ya kuvuka. Siku chache tu, maana mpaka ungeweza kufungwa tena wakati wowote. Komite ya mtaa ikasema sasa ndiyo saa: Bibi Zuhura awekewe jiwe la kumbukumbu, binti yake akiwepo. Fundi akalimimina, akalisugua likang'aa, likaandikwa: Hapa amelala Bibi Zuhura, mkunga wa Buyenzi, aliyetupokea sote. Zuri kabisa. Kisha mtu akauliza, kaburi lenyewe ni lipi? Katika waliozika, huyu alikimbilia Kigoma, wale nao wamekwishazikwa. Kabaki nani? Macho yote yakageuka mlangoni kwangu.

Hawa alikuja mwenyewe, akakaa kwenye kibao changu bila kukaribishwa.

"Kaka Kizingiti, jiwe ni ya watu," alisema. "Mi nataka kujua nikae wapi. Sikumuzika mama. Nionyeshe tu mahali nitaweka mukono."

"Nitakuonyesha," nikasema, kifua mbele. Ungeniona!

Basi siku ya kuamkia sherehe, baada ya sala ya alasiri, nikaenda kuchomeka kijiti ili fundi ajue pa kuweka jiwe. Majani yalikuwa yamepanda hadi magotini. Makaburi mawili niliyaona, lakini lipi la nani? Kichwani nilikuwa na la kushoto, upande wa mikaratusi. Nilikuwa nalo kama mtu aliye na ndoto ya jana. Nikasimama, nikatoa salamu kama inavyopasa, Assalamu alaikum enyi watu wa makaburini.

Nikajibiwa.

"Wa alaikum salaam. We uliyegoma kutoka, leo umetoka?"

Niamini, moyo ulirudi Buyenzi ukaniacha pale. Kutazama, kumbe ni mwanamke ameinama kati ya yale makaburi mawili, anang'oa majani. Kitenge kimepauka, ushungi umeshuka usoni, simwoni vizuri. Mguu mmoja una kandambili ya kijani, mguu wa pili uko wazi, una tope. Tope! Na mvua haikuwa imenyesha. Je, nililiona hilo? Nililiona. Je, nililifikiria? Hapana. Nilifikiri ni mama wa mtaani anayenijua kwa ile hadithi, nikafurahi kumpata wa kunisaidia.

"Mama, shikamoo. La Bibi Zuhura ni lipi kati ya haya?"

Akakung'uta udongo mikononi.

"Wataandika jina?"

"Wataandika, mama. Kwa herufi kubwa."

"Na watu watakuja?"

"Mtaa mzima. Na binti yake."

"Binti yake," akarudia, taratibu, kama mtu anayeonja chumvi. Kisha akapigapiga la kulia kwa kiganja, vile unavyombembeleza mtoto alale. "Hii. Weka hapa. Apana kule."

Nikachomeka kijiti. Nilipoinua kichwa nishukuru, nikakuta majani marefu tu, na sehemu ndogo iliyong'olewa. Nikajiambia amepita nyuma ya mikaratusi. Nilijiambia hivyo nikiwa tayari nakimbia.

Sherehe ikafana. Imamu akaomba dua, mwenyekiti wa komite akahutubia mpaka watoto wakalala migongoni, kitambaa kikavutwa. Wanawake waliokuwa wamesimama kando ya ua wakaruhusiwa kusogea. Hawa akaja, akapiga magoti, akaweka mkono juu ya udongo, akalia kilio cha miaka yote ile. Mimi nikajisikia mtu mkubwa. Nikamgeukia Mama Shemsa, mwosha maiti wetu, nikamnong'oneza kwa majivuno jinsi nilivyosaidiwa.

"Mwanamke gani?" akauliza. "Amevaa nini?"

Nikamweleza. Nilipofika kwenye kandambili akanishika mkono.

"Ya kijani? Moja?"

"Moja."

"Ule wa Buterere alikuja na moja ya kijani. Mi ndiye nilimuvua. Ya pili hatukuiona." Akamtazama Hawa pale chini, akanitazama mimi. "Kizingiti, umefanya nini?"

Usiniulize kwa nini sikukaa kimya. Hawa alikuwa anavuka kesho yake, na ningeweza kumwacha aende na machozi yake. Lakini alikuwa amenituma jambo moja tu. Jioni, kabla ya kuvrefe, saa ya kukatazwa kutembea, nikaenda nyumba aliyofikia, nikamweleza yote, kandambili, tope na kiganja. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Sasa mi nimemulilia nani?"

Nikajaribu kujitetea: lakini aliniita aliyegoma kutoka! Nani anayeanza na hilo kama si mama yako? Hawa akafikiri.

"Wamelala jirani miaka yote hii," akasema. "Unazani wanazungumuza nini? Wanatuteta sisi."

Na alicheka, wallahi, alicheka huku analia.

Kwa hiyo kama ni Bibi Zuhura, alivaaje kiatu cha mwenzake? Na kama ni yule wa Buterere, alisema uongo ili apate jina, au alisema kweli kwa sababu jirani yake alimtuma? Nimekaa na maswali haya mlangoni kwangu na hayajasogea, tofauti na kivuli.

Asubuhi Hawa hakwenda mpakani moja kwa moja. Alinivuta mpaka makaburini, ndoo mbili, moja mkononi mwake na moja mkononi mwangu. Akamwagia maji la kulia, akamwagia la kushoto, akakaa katikati, mkono huku, mkono kule. Ndivyo alivyoagana na mama yake. Jiwe tumeliacha lilipo. Tangu siku hiyo mimi ndiye ninayekwenda na ndoo, kila Ijumaa, mimi niliyekuwa siendi hata sokoni. Mke wangu anasema wafu wameweza alichoshindwa yeye. Nikitoa salamu pale siku hizi, natoa kwa sauti ndogo sana.

Nawe ukienda makaburini, wasalimie, ni haki yao. Lakini ukijibiwa, usiulize njia. Na ukimkuta mtu anang'oa majani, mtazame miguu kwanza.